Mhariri na mtalaka wake: uanze na His Girl Friday au Deadline – U.S.A.?

Ukisimuliwa filamu hizi mbili kwa ufupi, utadhani ni moja. Mhariri wa gazeti la mjini ameachana na mkewe kwa sababu gazeti ndilo lililokuwa mke mkubwa. Mtalaka wake amepata mchumba mpya, mtu mtaratibu. Mhariri anataka warudiane. Wakati huohuo mjini kuna kesi ya mauaji, kuna wakubwa wenye jambo la kuficha, na ukurasa wa mbele haujafungwa.

His Girl Friday ilitoka mwaka 1940, Deadline – U.S.A. mwaka 1952. Zote hazina rangi, na hata urefu wake umekaribiana: dakika 92 na dakika 87. Mtu mwenye jioni moja tu, anayetafuta filamu ya zamani ya Hollywood yenye uhalifu, gazeti na mapenzi, atazikuta zimepangwa pamoja, na akichagua kwa kubahatisha anaweza kuangukia isiyomfaa. Ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Nilikaa kwenye meza ya uhariri wa gazeti la Kiswahili kwa miaka kumi na moja hadi siku lilipofungwa, na hakuna filamu nilizozirudia kuliko hizi mbili.

Ya 1940: mbio zisizopumua

Hadithi ilianzia jukwaani. Mwaka 1928 Ben Hecht na Charles MacArthur, wote wawili waliowahi kuwa waandishi wa habari Chicago, walitoa tamthilia iitwayo The Front Page. Inahusu chumba cha waandishi ndani ya jengo la mahakama ya jinai, usiku wa kuamkia siku ya mtu kunyongwa. Mhariri Walter Burns na mwandishi wake hodari, Hildy Johnson, walikuwa wanaume wote wawili, na filamu ya kwanza ya mwaka 1931 iliwaacha hivyo. Mwongozaji Howard Hawks ndiye aliyemgeuza Hildy kuwa mwanamke na kumfanya mtalaka wa mhariri. Ugomvi wa bosi na mfanyakazi anayetaka kuacha kazi ukawa pia ugomvi wa mume na mke, na kuanzia hapo karibu kila wanachoambiana kina maana mbili.

Cary Grant ni Walter, Rosalind Russell ni Hildy. Hildy anaingia ofisini kumpasha habari kwamba kesho anaolewa na Bruce Baldwin, mtu wa bima kutoka Albany, na kwamba uandishi basi. Walter ana saa chache tu za kuivunja posa hiyo, na silaha yake ni habari. Earl Williams, mtunza hesabu aliyeachishwa kazi, amemuua polisi na atanyongwa alfajiri. Meya na sherifu wanataka anyongwe upesi kwa sababu uchaguzi umekaribia. Polisi aliyeuawa alikuwa Mweusi, na wakubwa hao wanahesabu kura za Weusi mjini. Walter anamwomba Hildy mahojiano moja tu na Williams, ya mwisho, kisha aende zake.

Kuanzia hapo ni mbio. Watu wanaongea wakikatizana, wanadandiana maneno, simu tatu zinazungumzwa kwa pamoja chumba kimoja. Hawks alikusudia hivyo: sentensi zilipewa maneno ya ziada mwanzoni na mwishoni, ili mwingine aweze kuingilia bila maana kupotea. Hii ndiyo sifa kubwa ya filamu, na kwa mtazamaji wetu ndiyo shida yake kubwa pia. Hata mtu anayefanya kazi kwa Kiingereza kila siku atakosa mengi. Washa maandishi ya chini ya skrini bila kuona haya, na usiitazame ukiwa na usingizi.

Tukio ninalolirudia si la mbio. Ni lile la gerezani, Hildy anapokaa kumhoji Williams. Sauti zinashuka ghafla. Mtu huyu, baada ya kupoteza kazi, alikuwa akienda bustanini kusikiliza wahutubu, na fikra moja ilimkaa kichwani: vitu vinatengenezwa ili vitumike. Hildy anaikamata hapohapo. Anamwongoza polepole, swali baada ya swali, mpaka wanafika kwenye bastola. Bastola imetengenezwa kwa kazi gani? Ya kupiga risasi. Uso wa Williams unafunguka, kana kwamba sasa ndiyo anaelewa alichokifanya.

Kila ninapolitazama najiuliza kama Hildy amemsaidia au amemlisha maneno. Amempa mtu anayengoja kitanzi maelezo ya kitendo chake, jambo ambalo hakuna daktari wala wakili aliyempa. Na amejipatia aya ya kwanza ya habari yake. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kama umewahi kushika kalamu mbele ya mtu mwenye msiba, unajua mahali hapo. Filamu haikuhubirii, inakuonyesha tu jinsi swali zuri linavyoulizwa na jinsi linavyoweza kuwa hatari.

Sasa kasoro, maana zipo na nisingependa uzikute bila kuonywa. Mollie Malloy, mwanamke pekee aliyemwonea Williams huruma ya kweli, anajirusha dirishani ili waandishi waache kumtafuta mtu huyo. Ni tendo zito, lakini kamera inalipita haraka mno na vituko vinaendelea. Waandishi wale wanamtania vibaya kabla ya hapo, na wanatamka maneno ya dharau kuhusu Weusi kama mazungumzo ya kawaida. Maandishi ya mwanzo ya filamu yanatangaza kwamba hizi ni enzi za giza za kazi ya gazeti, na Hecht na MacArthur walikuwa wakiwachora watu waliowafahamu. Hilo linaeleza mambo, halilainishi. Ukitazama na wazazi au wanafunzi, liseme mapema.

Ya 1952: gazeti linakufa

Richard Brooks, aliyeandika na kuongoza Deadline – U.S.A., naye alikuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuingia kwenye filamu. Lakini hakuandika kuhusu ujana wa kazi hiyo. Aliandika kuhusu kufa kwake.

Humphrey Bogart ni Ed Hutcheson, mhariri wa gazeti liitwalo The Day. Mwasisi wa gazeti amefariki, na binti zake wanataka kuliuza kwa mshindani ambaye atalinunua ili alizime. Mjane wa mwasisi, bibi mmoja anayechezwa na Ethel Barrymore kwa heshima kubwa, anachelewa kujuta. Hutcheson na watu wake wamebakiwa na siku chache. Katika siku hizo msichana anaokotwa majini akiwa amekufa, amevaa koti la manyoya ya bei kubwa, na nyuzi za maisha yake zinaelekea kwa Tomas Rienzi, jambazi ambaye mji mzima unamjua na hakuna anayemgusa.

Simulizi hii ina mizizi halisi. Joseph Pulitzer alilinunua gazeti la New York World mwaka 1883 na kulifanya kubwa. Alifariki mwaka 1911. Mwaka 1931 warithi wake waliliuza, likaunganishwa na gazeti jingine, na watu wengi wakapoteza kazi. Brooks aliichukua jeraha hiyo na kuipeleka mbele miaka ishirini. Sehemu ya filamu ilipigwa ndani ya chumba cha mitambo cha New York Daily News, kwa hiyo mtambo unaouona ukizunguka ni mtambo wa kweli, na sauti yake ni sauti ya kweli. Aliyewahi kusimama karibu na mtambo wa gazeti usiku, sakafu ikitetemeka chini ya viatu, ataitambua kabla hajaona picha.

Baadhi ya wasomaji wa Kiswahili wanamjua Bogart kwa The African Queen, iliyopigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda mwaka 1951, na ambayo hadithi yake imewekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tuzo ya Oscar ya filamu hiyo aliipokea mwaka uleule ambao Deadline – U.S.A. ilitoka. Usitarajie yule mlevi wa mtoni. Hapa ni mtu wa makamo aliyevaa suti, mwenye macho ya kutolala, anayezungumza na wafanyakazi wake kama baba ambaye hana tena nyumba ya kuwapa.

Tukio la kuitazamia filamu nzima ni la mama Schmidt. Ni mama wa msichana aliyeuawa, mhamiaji mzee ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Anafika chumba cha habari akiwa na shajara ya binti yake, ushahidi ambao Rienzi angeua tena ili aupate. Wanamwuliza kwa nini hakuupeleka polisi. Jibu lake ni kwamba yeye hawafahamu polisi. Analofahamu ni gazeti hili. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu aingie Marekani, alijifunza kutoka kwenye kurasa zake lipi jema na lipi baya. Hutcheson hajibu kwa hotuba. Anasimama tu.

Nimewapokea akina mama wa namna hiyo. Wanakuja na bahasha iliyokunjwa mara nne, na hawaketi mpaka uwaambie waketi mara ya tatu. Gazeti lisingekuwepo, wangeipeleka wapi bahasha ile? Filamu inaliuliza swali hilo vizuri kuliko kitabu chochote cha uandishi nilichosoma.

Kasoro yake ni hotuba. Hutcheson anahutubia warithi, anahutubia mahakamani, anahutubia baa, na si hotuba zote zinahitajika. Rienzi naye ni jambazi wa kawaida wa filamu za wakati ule, mwenye gari refu na sauti ya chini. Anatisha zaidi pale asipoonekana, kama wakati shahidi muhimu anapochukuliwa ndani ya jengo la gazeti na watu waliovaa sare za polisi.

Mapenzi: hapa ndipo uamuzi ulipo

Watu wengi hulinganisha filamu hizi kwa kasi au kwa uhalifu. Mimi nazilinganisha kwa wale wanawake wawili.

Hildy ni mwandishi. Anachokimbia anapokimbilia Albany ni sehemu yake mwenyewe, na Walter analijua hilo kuliko Bruce atakavyolijua maisha yake yote. Kuna mahali ambapo Bruce amesimama chumbani akimwambia kuhusu treni na maisha yao, naye Hildy anapiga taipu, hamsikii kabisa, wakati Walter anafoka kwenye simu upande wa pili. Anayemdharau Bruce kwa hilo hajaitazama vizuri. Bruce ni mtu mwema. Walter amemsingizia wizi, amemfungisha, amempachika pesa bandia. Ila katika chumba kile Hildy na Walter wanafanya kazi moja, kwa mikono minne, na furaha iliyo usoni mwa Rosalind Russell haiigizwi kwa kujaribu. Gazeti ndilo lililowaachanisha na ndilo linalowakutanisha.

Kwa Nora wa filamu ya pili, aliyechezwa na Kim Hunter, mambo ni kinyume. Gazeti halikumpa chochote. Lilimchukulia mume, jioni baada ya jioni, mpaka akachoka kungoja. Sasa gazeti linakufa, na mume yule anatokea mlangoni kwake usiku, amelewa, anataka pa kulala. Je, anarudi kwa sababu anampenda, au kwa sababu yule mke mkubwa anakata roho? Nora anaiuliza kwa macho zaidi kuliko kwa maneno. Natamani Brooks angempa nafasi kubwa zaidi; matukio yake ni machache na mengine yanakatishwa na simu. Hata hivyo, simu hizo ndizo ndoa yenyewe. Mke wangu alipoitazama pamoja nami alisema jambo moja tu, kwamba yeye anamfahamu Nora huyu. Sikumjibu.

Kwa hiyo, ukitaka mapenzi yanayochangamsha, watu wawili wenye akili sawa wakipigana kwa maneno, chukua ya 1940 na usiangalie nyuma. Mapenzi ya 1952 ni ya watu waliochoka, na hayaahidi mengi.

Uhalifu na upelelezi

Hapa sina maneno mengi. His Girl Friday haina fumbo: tunajua nani aliua, na kosa linalofichuliwa ni la meya na sherifu, wanaotaka barua ya gavana ya kumnusuru Williams ichelewe kufika. Ni uhalifu wa ofisini, wa watu wenye vyeo na tabasamu, na kwa hilo bado inauma. Deadline – U.S.A. ndiyo yenye upelelezi wa kufuata: jina la bandia la msichana, kaka anayejificha, fedha zilizopita mikono isiyopaswa. Anayependa kuunganisha vipande ataridhika zaidi nayo.

Na kama hakuna kati yake inayokuvuta

Ipo ya tatu, While the City Sleeps ya Fritz Lang, ya mwaka 1956, dakika 100. Mmiliki wa kampuni ya habari anafariki, mwanawe asiyejua kazi anarithi, naye anawapambanisha wakubwa watatu: atakayemnasa muuaji wa wanawake anayeutikisa mji ndiye atakayepewa cheo kipya. Muuaji tunamwona tangu mwanzo. Wanaotisha ni wale waliovaa tai. Mtangazaji wa televisheni, anayechezwa na Dana Andrews, anamchokoza muuaji hewani na kutangaza uchumba wake, akijua kwamba mchumba wake ndiye atakayekuwa chambo. Msichana amekubali, lakini nilishindwa kumpenda mtu huyu baada ya hapo, na nadhani Lang hakutaka nimpende. Ni filamu baridi, yenye kufukuzana vizuri kwenye njia za treni ya chini ya ardhi, na mapenzi ndani yake karibu yote ni biashara. Ichague ukiwa unataka giza.

Jambo moja la vitendo kabla hujatafuta. Hakimiliki ya His Girl Friday haikuhuishwa Marekani muda wake wa kwanza ulipokwisha, ndiyo maana kila mtu ameiweka mtandaoni, na nakala nyingi ni mbovu: picha imefifia, sauti inakwaruza. Kwa filamu ambayo uhai wake ni maneno, nakala mbovu ni sawa na kutoitazama. Tafuta iliyokarabatiwa. Ya Bogart haina nakala nyingi hivyo, ila huna haja ya kuchambua sana. Ukiipata inasikika vizuri.

Mwanafunzi wa uandishi ningemwanzishia Deadline – U.S.A., kwa ajili ya mama Schmidt. Wenza wanaotaka kucheka pamoja jioni ya Jumamosi, His Girl Friday. Anayesoma filamu kama sanaa, His Girl Friday pia, bila mjadala. Katika ufundi wa kuongoza waigizaji na kupanga matukio hazilingani, na wala Brooks hakuwa anashindana huko.

Ila kama umeachishwa kazi hivi karibuni, uiache kwanza ile ya 1952. Usiku gazeti letu lilipofungwa nilirudi nyumbani nikaiweka, nikidhani itanifariji. Nilifika pale wafanyakazi wa The Day wanapokusanyika baa kuliaga gazeti lao, wanakunywa, wanaimba, wanakumbushana habari za zamani kama watu walio matangani, na nikaizima. Ilipita miezi minne kabla sijaimalizia.